Allah Ameahidi Nini Hasa? Maneno kwa Bi Harusi Anayesubiri



Kila zinapokaribia harusi za baada ya Idi tunaulizwa swali moja kwa njia nyingi. Mmoja huuliza kwa hasira, mwengine kwa aibu, mwengine huandika usiku wa manane na asubuhi akafuta. Swali lenyewe ni hili: kama Allah ameahidi, mbona mimi bado? Posa imekuja na ikarudi. Mchumba kasafiri na hasemi lini anarudi. Kazi ya bwana harusi imesita, ukumbi umeshatolewa arubuni, na mama kila akienda sokoni anaulizwa harusi lini. Mtu akiwa katika hali hiyo watu humwambia "subiri tu, Allah yupo", kisha wanaaga wanakwenda zao. Maneno ni ya kweli. Lakini hayatoshi kumfikisha mtu asubuhi.

Sisi ni wanawake watatu. Tunapaka hina, tunasinga, na tunakaa na mabibi harusi siku zile za ndani kabla ya nikaha. Hatukusoma kiasi cha kutoa fatwa, na panapohitaji shekhe tutakwambia nenda kwa shekhe. Lakini tumekaa na wasichana wengi waliokuwa wakisubiri, na kuna jambo tumelisoma na kulijadili mara nyingi huku mikono imejaa liwa na mawaridi. Tunataka kuliandika leo.

Tuanze na mwaka 2020, kwa sababu mwaka ule karibu kila nyumba hapa kisiwani ilionja kusubiri bila kujua mwisho. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa Tanzania nzima, zikaruhusiwa tena Mei, lakini watalii hawarudi kwa siku moja. Hoteli za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani zikafunga milango, na vijana wakarudishwa makwao. Kwetu hoteli ikifunga anaumia mpishi, anaumia dereva, anaumia muuza pweza, na anaumia yule kijana aliyekuwa akiweka pesa kidogo kidogo za mahari. Mwaka huohuo hata Hija iliwekewa mipaka, wakahiji watu wachache tu waliokuwa tayari wanaishi Saudi Arabia. Kuna wazee wetu waliojiandaa miaka na miaka, safari ikafungwa mbele ya macho yao.

Katika miezi ile tulikuwa na mabibi harusi wanne waliokwishapanga siku. Wa kwanza baba yake alisema hana haja ya ukumbi. Walii yupo, mashahidi wawili wapo, mahari ipo ingawa ni kidogo, basi nini tena? Nikaha ikafungwa nyumbani baada ya Alasiri, mbuzi mmoja akachinjwa, majirani wakapelekewa sahani majumbani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na siku ile tulimwona huyo mbuzi mmoja kwa macho yetu. Wa pili aliahirisha akaolewa mwisho wa mwaka. Wa tatu mchumba wake alivuka bara kutafuta kazi, ikapita miaka miwili kabla ya kurudi na kumuoa. Wa nne tutamrudia.

Hapa ndipo swali lilipotubana. Wote wanne walisali, wote wanne waliomba. Mama mmoja akasema kwa sauti, mbele yetu, kwamba yule wa kwanza ndiye aliyekuwa na imani. Je, kweli? Ahadi ya Allah inampata aliyeharakishiwa tu, na aliyecheleweshwa ana kasoro?

Twende kwenye Kitabu. Watu wanapozungumzia ndoa na umasikini husoma aya ya 32 ya Suratu Nur. Humo Allah anaamrisha waozeshwe walio wapweke, na anaahidi kwamba wakiwa mafakiri atawatajirisha kwa fadhila Zake. Aya hii inasomwa kwenye nikaha, inasomwa kwenye posa, na inafaa isomwe. Lakini geuza jicho uende kwenye aya inayofuata, ya 33. Inaanza na wale wasiopata uwezo wa kuoa: wajizuie na wabaki na usafi wao mpaka Allah awatajirishe kwa fadhila Zake. Aya mbili jirani. Ya kwanza ina ahadi, na ya pili ina mtu ambaye ahadi hiyo bado haijamfikia mkononi. Allah hakumwita mtu huyo dhaifu wa imani. Amemtaja, amempa kazi ya kufanya, na ameiacha ahadi wazi mbele yake bila kutaja tarehe.

Basi tukaanza kujiuliza, na tunakuomba na wewe ujiulize: katika hayo ninayosema Allah ameniahidi, yepi ameyaahidi Yeye, na yepi nimejiahidi mimi kisha nikayatia jina Lake? Ameahidi kwamba pamoja na uzito kuna wepesi. Ameahidi katika Suratu Talaq kwamba anayemcha atamfanyia njia ya kutokea na atamruzuku kutoka asikotarajia. Ameahidi kumjibu anayemwomba. Hakuahidi kwamba wepesi utaitwa jina la fulani bin fulani, wala kwamba utafika Mfunguo Mosi na shela la mkia mrefu. Hayo tumeyaandika wenyewe. Hakuna ubaya kuyatamani, na kuyaomba pia hakuna ubaya. Lakini yasipotokea, si Allah aliyevunja ahadi.

Na hata kujibiwa dua kuna namna zake. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Abu Said al-Khudri, Mtume ametufundisha kwamba Muislamu anayeomba dua isiyo na dhambi wala kukata udugu hupewa moja katika matatu: huharakishiwa alichoomba, au huwekewa akiba Akhera, au huepushwa na shari iliyo mfano wake. Hii ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu shari uliyoepushwa huioni. Nani atakuonesha bahari ambayo hukuzama?

Sasa tuje kwa mwanamke tunayempenda kuliko wote katika mlango huu, mama yake Musa. Tukimaliza kumsinga msichana na tukimwona bado macho yake yako mbali, huyu ndiye tunayemsimulia.

Suratul Qasas, aya ya 7. Farao anachinja watoto wa kiume wa Bani Israili. Allah anamtia mwanamke huyu ilhamu: mnyonyeshe, na ukimhofia mtie mtoni. Kisha anaambiwa asiogope na asihuzunike, na papo hapo anapewa ahadi mbili, kwamba mtoto atarudishwa kwake na kwamba atafanywa mmoja wa mitume. Ahadi ya wazi kuliko hiyo utaipata wapi? Sisi tunasubiri kwa ahadi za jumla, yeye ameambiwa habari za mtoto wake hasa. Ungetarajia atakwenda mtoni anatembea kwa raha.

Soma aya ya 10. Moyo wake ukawa mtupu. Alikaribia kuidhihirisha siri yote, lau Allah asingeutia nguvu moyo wake. Mwanamke aliyeambiwa usiogope aliogopa. Aliyeahidiwa atarudishiwa mtoto, moyo wake ulimwagika kama maji kwenye chungu kilichopasuka. Na ndani ya aya hiyo hakuna lawama hata moja. Allah hakumwambia, si nilikwambia? Aliufunga moyo wake, kama unavyomfunga kanga mtu anayetetemeka.

Dada zetu, tukisoma hapa huwa tunanyamaza kidogo. Wangapi wameambiwa kwamba wakilia wamekosa tawakkul? Msichana anapitisha usiku hana usingizi, asubuhi anaamka ana khofu mbili, khofu ya jambo lenyewe na khofu kwamba kuogopa kwake ni ukafiri. Khofu hii ya pili iondoe leo. Moyo kuwa mtupu si kukataa ahadi. Cha kuangalia ni mikono yake ilifanya nini wakati moyo uko vile. Alimtia mtoto mtoni kama alivyoamrishwa. Kisha, aya ya 11, akamwambia dada yake Musa amfuatie. Tazama akili ya mwanamke huyu! Ameahidiwa atarudishiwa, na bado anatuma mtu akachungulie. Tawakkul yake haikumzuia kufuatilia, na yule binti kufuatilia kwake ndiko kulikofungua mlango, kwani ndiye aliyewaambia watu wa Farao kwamba anaijua nyumba itakayomlea mtoto aliyekataa wanyonyeshaji wote. Mtoto akarudi kifuani kwa mama yake chini ya ulinzi wa yuleyule aliyetaka kumuua.

Ahadi ya pili, ya utume, haikuja siku ile. Ilichukua umri mzima wa kijana: akakua, akakimbilia Madyan, akachunga mifugo miaka, akaoa. Kurani haitwambii kama mama yake aliiona siku hiyo. Ahadi mbili zilitoka katika aya moja na zikafika kwa nyakati mbili zilizo mbali kabisa.

Kuna siku mazungumzo haya yalitufuata hadi kwa fundi wetu wa magauni. Ni dada wa Kikristo kutoka bara, ameishi Unguja miaka mingi, na shela alizoshona zimepita kwenye nikaha nyingi za Kiislamu kuliko hata sisi. Mwaka ule wa 2020 mashine yake ilinyamaza. Tulimkuta kakaa mlangoni, magauni mawili yamening'inia hayajamaliziwa na wenyewe hawajaja. Tukamuuliza, mama, unaishije? Akasema anasoma habari za Hajiri.

Kwao anaitwa Hajiri, kwetu Bibi Hajar, mama yake Ismail. Akatusimulia kama ilivyo katika kitabu chao cha Mwanzo: maji yalipokwisha katika kiriba aliweka mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa, akalia. Malaika akamwita, Mungu akamfumbua macho, akaona kisima. Na zamani kidogo kabla ya hapo, alipokuwa mjamzito na amekimbia jangwani, ndiye aliyempa Mungu jina lenye maana ya Mwenye kuona. Fundi akasema hilo ndilo linalomshika: yule mjakazi ambaye hakuna aliyemjali ndiye aliyegundua kwamba anaonekana. "Mimi sina nguvu ya kukimbia popote, dada zangu," akasema. "Nimekaa kama yeye. Lakini najua naonwa."

Sisi tukamsimulia yetu, kama alivyoipokea Ibn Abbas na ikaandikwa na Bukhari. Ibrahim alimwacha na mtoto katika bonde lisilo na mtu wala maji. Alimfuata akimuuliza anawaachia nani, asijibiwe, mpaka akauliza kama Allah ndiye aliyemwamrisha. Aliposikia ndiyo, akasema basi hatatupoteza, akarudi kwa mtoto. Hiyo ndiyo imani yake. Lakini maji yalipokwisha hakukaa akiirudia kauli ile. Alipanda Safa akatazama, akashuka akakimbia, akapanda Marwa akatazama, mara saba. Njia hiyo waliohiji wanaijua kwa magoti yao, kwani safari saba zinafika takriban kilomita tatu. Na maji hayakutoka Safa wala Marwa, alikokuwa akiyatafuta. Yalitoka alipomwacha mtoto.

Hatukubishana na fundi kisa kipi. Sisi tuna chetu na tumekiamini, na yeye ana chake. Ila tulirudi nyumbani tukisema kwamba mwanamke aliyekaa akilia si mgeni hata katika Kitabu chetu. Bibi Maryam, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani angekuwa ameshakufa na kusahauliwa. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaambiwa alitikise shina. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa atalitikisa shina la mtende kwa nguvu gani? Lakini aliambiwa atikise, na tende zikamwangukia.

Na kuna kipande cha hadithi ya Zamzam ambacho watu hukipita. Maji yalipochimbuka, Bibi Hajar hakukaa akashangaa tu. Aliyazungushia ukingo kwa mikono yake na akajaza kiriba chake. Baadaye walipokuja watu wa kabila la Jurhum wakaomba kukaa pale, aliwakubalia kwa sharti kwamba maji si haki yao. Yule aliyeachwa bondeni peke yake sasa anatoa masharti! Na ni katika hao Jurhum Ismail alipata mke. Bonde lisilo na mtu likawa mahali pa kuposa.

Sasa tuseme mambo ya kila siku, maana kusubiri kuna mitego yake.

Wa kwanza ni istikhara kugeuzwa ramli. Istikhara ni rakaa mbili za sunna na dua aliyoisimulia Jabir. Ndani yake unamwomba Allah, kama jambo lina kheri nawe akukadirie na alifanye jepesi, na kama lina shari aliondoshe kwako na wewe akuondoshe kwalo, kisha akukadirie kheri popote ilipo na akuridhishe nayo. Hakuna sharti la kuota. Tumekutana na msichana aliyevunja uchumba na kijana mwema kwa sababu aliota nyoka baada ya kula biriani saa nne ya usiku. Sali, uliza habari zake kwa watu wanaomjua, mshirikishe walii wako, uangalie jambo linafunguka au linafungika.

Wa pili ni mganga. Tunajua, hakuna anayependa kulisema. Posa ikirudi mara mbili tu, shangazi mmoja atanong'ona kwamba nyota imefungwa na kuna mtu mahali fulani anafungua. Mtume ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake ya siku arubaini haikubaliwi. Hebu fikiri, ni wakati gani mtu anahitaji sala yake zaidi ya wakati huo? Na hizo habari za miezi yenye mkosi ni za jahiliya. Waarabu wa zamani waliuona Shawwal, huu Mfunguo Mosi wetu, kuwa una nuksi kwa harusi, na Bibi Aisha alikuwa akikumbusha kwamba yeye aliolewa Shawwal, na nani alikuwa na bahati kwa Mtume kumliko yeye?

Wa tatu ni maneno ya watu, na hapa tunawasema akina mama wenzetu. Usimuulize msichana harusi lini mbele ya wageni. Tarehe akiwa nayo, kadi utaletewa.

Tulisema tutamrudia wa nne. Huyu posa ilikubaliwa, mahari ikapangwa, sisi tulishapokea arubuni ya hina. Kazi ya mchumba wake ilipokufa, familia ya mume iliomba muda, kisha muda mwengine, kisha wakatuma mtu mzima kuja kusema kwamba basi. Tulirudisha arubuni. Mama yake alilia kuliko yeye.

Watu wakamwambia Allah atakupa aliye bora, wakamtolea mfano wa Bibi Ummu Salama, aliyefiwa na Abu Salama na akaomba dua ya msiba alivyofundishwa huku akijiuliza nani atakuwa bora kuliko Abu Salama, kisha akaolewa na Mtume mwenyewe. Kisa ni sahihi, kimo katika Muslim. Lakini hatukumwambia sisi kwamba na yeye lazima atapata mume mbora kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu hilo hatukuambiwa. Tulimwambia kwamba dua yake haikupotea, imejibiwa kwa mojawapo ya yale matatu, na kwamba ipi hatujui. Akasema, "Basi, somo, nikilia nisiambiwe nimekufuru." Tukamwambia hakuna wa kukwambia hivyo hapa.

Mpaka leo hajaolewa. Anasomesha watoto madrasa jioni, na asubuhi ana biashara yake ya udi na mafuta ya nazi ambayo hata sisi tunanunua kwake. Ipo siku anakuja amechangamka, ipo siku anakuja macho mazito, na ile dua ya istikhara bado anaisali, kwani posa hazikukoma. Usiku wa kuamkia Idi iliyopita alikuja kupaka hina pamoja na wanafunzi wake wadogo. Alitaka maua makubwa, mpaka kwenye viwiko. Tulimpaka, akakaa na mikono juu inakauka, akituhadithia mtoto mmoja anayekosea Suratul Qasas kila akifika aya ya 10.